"Mimi ni mzito, Fizikia inataka watu wepesi": uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa PCM, Nyanda za Juu Kusini

## Kuhusu kisa hiki

Kisa kinamhusu mwanafunzi wa kike wa kidato cha tano, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), katika shule ya bweni mkoani Mbeya. Jina lake, shule, kijiji na mwaka vimeondolewa. Tumemwita T. Alama na dakika zimeachwa kama zilivyokuwa, kwa sababu bila hizo kisa hakifundishi kitu.

Kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa Fizikia na walimu walezi wanaoletewa kila mwaka, wiki chache baada ya shule kufunguliwa Julai, ombi lilelile: mwanafunzi mwenye ufaulu mzuri wa kidato cha nne anataka kuhama Fizikia kwa sababu amejiona hana kasi.

## Usuli

T. alitoka shule ya kata iliyokuwa na mwalimu mmoja wa Fizikia kwa madarasa yote. Kidato cha nne alipata B ya Fizikia na B ya Hisabati. Darasa alilopangiwa lilikuwa na wanafunzi kutoka shule za vipaji, baadhi yao wakiwa wamesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ndani ya wiki mbili darasa lilikwisha kujigawa lenyewe: kuna vipanga, kuna wa kawaida, na kuna waliojiita vilaza kwa utani ambao si utani. Kipanga alitambulika kwa jambo moja tu, kunyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni.

T. hakunyoosha mkono. Daftari lake lilikuwa na michoro mingi, maelezo ya Kiswahili pembeni mwa kurasa, na maswali aliyojiuliza mwenyewe. Mwalimu wa somo alikiri baadaye kwamba hakuwahi kulifungua daftari hilo hadi wiki ya tisa.

## Mfuatano wa matukio

Tukio la kwanza halikuonekana kuwa na uzito wakati linatokea. Wiki ya tatu darasa lilifanya jaribio la kutafuta joto mahususi la shaba, yaani joto linalotakiwa kuipandisha kilogramu moja kwa nyuzi moja, kwa njia ya kuchanganya. Kipande cha shaba cha gramu 200 kinachemshwa kwenye maji kwa dakika kumi, kisha kinahamishwa haraka kwenye kalorimita (chombo cha kupimia joto) yenye maji baridi gramu 150, na jotoridi la mwisho linasomwa. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na jedwali, na kwenye nafasi ya jotoridi la maji yanayochemka ilikwisha kuchapwa nyuzi 100.

T. aliweka kipimajoto kwenye maji yanayotokota akasoma 94. Akasubiri, akasoma tena, 94. Akabadilisha kipimajoto na kundi la jirani, ikawa 94. Wenzake walishaandika 100, wamemaliza hesabu na wanaosha vyombo. Yeye alimaliza wa mwisho, akaandika 94, na pembeni akaandika kwa penseli: "Labda nimekosea kusoma."

Hakukosea. Mji wa Mbeya uko mwinuko wa takribani mita 1,700. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, huku ni ndogo kuliko pwani, na maji huchemka kanieneo ya mvuke wake inapofikia ile ya hewa iliyoyazunguka. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi 1, kwa hiyo 94 ndiyo namba ya kutegemea. Ndiyo sababu pia maharage yanayoiva mapema Dar es Salaam hutaka kuni zaidi Mbeya.

Angalia kilichotokea kwenye majibu. Maji baridi yalianza nyuzi 16, mchanganyiko ukatulia karibu 24.6. Ukiweka 94, shaba imeshuka nyuzi 69.4. Ukiweka 100, imeshuka 75.4, na joto mahususi unalolipata linapungua kwa takribani asilimia 8. T. alipata karibu 390, wenzake wakapata karibu 360. Thamani inayokubalika ya shaba ni kama joule 390 kwa kilogramu kwa kila nyuzi. Aliyechelewa ndiye aliyekaribia zaidi, na hakuna aliyemwambia. Daftari la majaribio lilisahihishwa kwa alama ya vema na maneno "uwe mwepesi".

Wiki ya tano ukaja mtihani wa darasa: maswali matano, dakika 60, kila swali alama 20. T. alipata 38. Matokeo yakabandikwa ubao wa matangazo kwa mpangilio wa nafasi, naye akawa wa nne kutoka mwisho. Jioni ileile alikwenda kwa mwalimu mlezi kuomba ahamie HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi.

"Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie nihamie HGE."

"Marahaba. Kwa nini HGE, binti?"

"Mimi ni mzito, mwalimu. Fizikia inataka watu wepesi."

Mwalimu mlezi alimpigia mzazi kwa simu ya matroni. Maneno ya baba yaliandikwa kwenye daftari la ulezi, na tunayanukuu kwa sababu baadaye yalisaidia: "Mwalimu, mimi ni mkulima wa viazi, hayo mahesabu yenu siyajui. Ila huyo mwanetu hata viazi humenya taratibu. Akimaliza, hukuti jicho hata moja lililobaki."

## Uamuzi wa kwanza, na kwa nini ulifeli

Mwalimu mlezi na mwalimu wa somo walikubaliana mambo mawili. T. asihame hadi likizo fupi ya Septemba, na apewe mazoezi ya kasi: mtihani wa dakika 60 kila Jumamosi. Pamoja na hayo akaambiwa ana akili, asijali.

Jumamosi ya kwanza alipata 34. Ya pili 29. Ukisoma karatasi zake unaona kilichobadilika: sasa alijibu maswali yote matano, lakini aliacha kuchora, aliruka vizio, na katika maswali mawili alitumia kanuni ya mchapuko (badiliko la kasi kwa kila sekunde) usiobadilika mahali ambapo mchapuko ulikuwa unabadilika. Mazoezi ya kasi yalimfundisha kuacha kitu pekee alichokuwa anakifanya vizuri.

Nayo maneno "una akili, usijali" yalimdhuru zaidi kuliko walivyodhani. Mwanafunzi aliyepata 29 akiambiwa ana akili, anajua mojawapo ya mawili: mwalimu anamdanganya, au mwalimu haoni.

Jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo lilionwa na mwalimu wa Hisabati, aliyeomba kuiona karatasi ile ya alama 38. T. alikuwa amejibu maswali mawili na kuanza la tatu, akalifuta mara mbili. Katika yale mawili aliyomaliza alikuwa na 36 kati ya 40. Mwanafunzi asiyeweza Fizikia hapati 36 kati ya 40. Tatizo lilikuwa muda, na muda hupimika.

## Kupima muda unakokwenda

Wiki ya tisa T. alikaa na mwalimu wa Hisabati mara mbili, maswali matatu kila mara, kwa saa ya kawaida ya mkononi. Mwalimu hakumsaidia wala kumharakisha. Aliandika tu dakika katika sehemu nne: kusoma swali hadi mchoro ukamilike, kuchagua kanuni ya fizikia, kupanga herufi na kukokotoa, kuhakiki jibu. Kisha akafanya hivyohivyo kwa mmoja wa vipanga wa darasa, kwa ridhaa yake, kwa maswali yaleyale.

Wastani wa T. ulikuwa dakika 17 kwa swali: kusoma 6, kuchagua kanuni 2, herufi na hesabu 7, kuhakiki 2. Wa kipanga ulikuwa dakika 9: kusoma 2, kuchagua kanuni 2, hesabu 5, kuhakiki 0.

Ile dakika mbili kwa mbili ndiyo kiini cha kisa hiki. Sehemu ambayo ndiyo fizikia yenyewe, kutazama hali na kusema "hapa nishati inahifadhiwa" au "hapa kani zimesawazika", wote wawili waliifanya kwa muda uleule. Tofauti ya dakika nane ilikuwa kwenye lugha, kwenye aljebra, na kwenye kuhakiki ambako mmoja hakukufanya kabisa. Katika maswali hayo sita T. alipata matano, kipanga manne.

Swali moja linafaa kuelezwa kwa kina. Mwalimu alilitunga kwa mazingira ya huku, maana kila anayeishi Mbeya anaujua mteremko wa Iwambi na habari za malori kufeli breki. Lori la tani 10 linashuka mteremko wa nyuzi 6 kwa mita 20 kwa sekunde. Dereva anakanyaga breki na lori linasimama baada ya mita 100. Tafuta kani ya wastani ya breki. Chukua g kuwa 9.8.

Kipanga alimaliza kwa dakika tano. Mchapuko wa kupunguza mwendo ni 20 kipeo cha pili, gawa kwa mara mbili ya 100, yaani 2. Zidisha kwa kilo 10,000, jibu niutoni 20,000. Akaweka kalamu chini.

T. alichora lori, akachora mteremko, akachora uzito unaovuta kwenda chini, akakaa kimya. Kwenye mteremko wa nyuzi 6 uzito wenyewe unalisukuma lori mbele kwa 98,000 mara sine ya 6, yaani karibu niutoni 10,240. Breki inabidi iushinde msukumo huo kwanza, kisha ilete ule mchapuko wa 2. Jibu ni karibu niutoni 30,240. Halafu akahakiki kwa njia nyingine: nishati ya mwendo joule 2,000,000, jumlisha nishati ya kimo iliyopotea kama joule 1,024,000, gawa kwa mita 100. Ikatoka ileile. Mwisho akajiuliza, na kama barabara ingekuwa tambarare? Ingekuwa 20,000, lile jibu la mwenzake.

Ilimchukua dakika 19. Dakika nne kati ya hizo zilipotea kwa kikokotoo cha kuazima kilichokuwa kimewekwa kwenye radiani, kikampa sine ya 6 kuwa hasi 0.279. Alijua jibu haliwezi kuwa hasi, lakini hakujua pa kurekebisha. Mwalimu yeyote anayesema mwanafunzi ni mzito aanze kwa kukagua kikokotoo chake.

## Mpango wa wiki nane

Baada ya vipimo hivyo T. hakuambiwa ana akili. Alionyeshwa namba. Aliziangalia muda mrefu, akauliza kama mwalimu ana uhakika ile 2 ya kuchagua kanuni ni yake. Ombi la HGE lilibaki kwenye faili bila kusainiwa wala kukataliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuamua mwishoni mwa wiki ya nane.

Kazi kubwa ilikuwa lugha. T. alikijua Kiingereza cha kawaida. Kilichomkwaza ni maneno mepesi ambayo kwenye Fizikia yana kazi maalumu, na kila neno lisiposomwa kwa kazi yake linampeleka mtu kusoma swali upya. Alitenga kurasa za nyuma za kaunta buku, safu mbili: neno, na linachokifanya kwenye mlinganyo. Si tafsiri. Kwa neno smooth hakuandika "laini", aliandika "msuguano = 0". Kwa light kwenye kamba aliandika "masi ya kamba usiihesabu, mvuto ni sawa ncha zote mbili". From rest ikawa "u = 0". Constant velocity ikawa "jumla ya kani = 0, hata kama kitu kinakwenda". About to slip ikawa "msuguano umefika kikomo". Yalifika maneno 43. Kila swali la mazoezi alianza kwa kupigia mstari maneno hayo na kuandika juu yake alama ya hesabu, ndipo akasoma sentensi nzima.

Aljebra ilipewa dakika kumi kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, siku sita kwa wiki: kanuni nane kwa siku, kazi ikiwa kuitoa herufi moja ibaki peke yake upande wa kushoto. Hakuna fizikia, hakuna namba. Sheria iliyofuata ikawa kwamba namba haziingii hadi mstari wa mwisho. T. alikuwa na mazoea ya kuweka namba mwanzoni na kuzibeba zikiwa na desimali tano tano katika kila mstari, na hapo ndipo dakika saba zilipokuwa zinaliwa. Kikokotoo alifundishwa vitu viwili tu: kuangalia kama kiko kwenye nyuzi kabla ya kila swali, na kutumia kitufe cha vipeo bila kuandika tena "mara 10" kabla yake, kosa linalokuza jibu mara kumi.

Kuhakiki hakukuguswa. Mwalimu wa somo alipendekeza zile dakika mbili ziondolewe; mwalimu wa Hisabati alikataa, na alikuwa sahihi.

Ijumaa jioni alipewa swali moja lisilo na muda, la kubeba siku tatu. La kwanza lilikuwa: kwa nini kipimajoto kilisoma 94? Jumatatu alirudi na kurasa mbili, na pendekezo ambalo halikuwa kwenye mwongozo wowote. Ili kujua kama kipimajoto ni kizima huku Mbeya, usikipime kwa maji yanayochemka. Kipime kwa barafu inayoyeyuka, kwa kuwa sifuri ya barafu haibadiliki kiasi cha kuonekana kwa sababu ya mwinuko. Kilisoma sifuri.

Siku hiyo mwalimu wa somo aliliambia darasa zima kuhusu Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Tanga, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliendelea kuuliza na kuchekwa, hadi alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia kutoka Dar es Salaam aliyetembelea shule. Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 makala yao ya pamoja ikachapishwa. Wanafizikia bado wanabishana juu ya jambo hilo. Mpemba alikataa kubadilisha alichokiona ili kifanane na alichoambiwa.

## Matokeo

Mwisho wa wiki ya nane vipimo vilirudiwa kwa maswali sita mapya. Wastani ulikuwa dakika 11: kusoma 3, kuchagua kanuni 2, herufi na hesabu 4, kuhakiki 2. Bado alikuwa nyuma ya kipanga, lakini ndani ya dakika 12 ambazo mtihani wa darasa hutoa kwa swali. Mtihani wa Desemba alipata 57. Barua ya HGE aliichukua mwenyewe kwenye faili.

Kidato cha sita alipata C ya Fizikia na B ya Hisabati, akaendelea na shahada ya sayansi na elimu, Fizikia ikiwa somo lake kuu. Katika mtihani wa majaribio wa kidato cha sita aliacha maswali mawili bila kuyagusa.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichobadilisha mambo zaidi ni kuugawa muda vipande vinne. Neno "mzito" ni tabia, na tabia haina pa kuishika. Dakika sita za kusoma ni kazi, na kazi ina mahali pa kuanzia. Tunaamini pia kwamba kumpima kipanga kwa maswali yaleyale kulikuwa na faida ambayo haikutarajiwa: naye alianza kuhakiki, baada ya kuona lori lake lingeshuka Iwambi na breki pungufu kwa theluthi.

Daftari la maneno lilifanya kazi kwa sababu liliunganisha neno na mlinganyo. Wanafunzi wengine walilinakili lote kwa usiku mmoja, na halikuwasaidia sana. Anayefaidika ni anayeliandika neno siku lilipomkwaza.

Kilichoshindwa ni zile wiki za mtihani wa Jumamosi, zilizoondoka na muda na imani ya mwanafunzi. Mazoezi ya kasi yana nafasi yake, lakini baada ya kujua kasi inapotelea wapi. Kubandika matokeo kwa nafasi hakukubadilishwa. Ni utaratibu wa shule nzima na walimu watatu hawakuweza kuuondoa. Na maswali mawili ya mtihani wa majaribio yanaonyesha pengo la mpango: T. hakufundishwa kuruka swali. Alitakiwa kupewa sheria ya wazi, kwamba ikiwa dakika nne zimepita na hakuna mchoro wala mlinganyo, aende swali jingine na kurudi. Ilifikiriwa kuwa atajifunza mwenyewe. Mtu wa kuhakiki kila jicho la kiazi hajifunzi hilo bila kuambiwa.

Anayetaka kurudia kipimo hiki atumie maswali sita, si mawili, kutoka mada mbili tofauti ambazo mwanafunzi amekwisha kufundishwa, kwa vikao viwili siku tofauti, na asiseme neno wakati mwanafunzi anafanya. Akikuta kipande kikubwa kiko kwenye kuchagua kanuni, dakika saba au nane mwanafunzi akitazama mchoro uliokamilika, mpango ulioelezwa hapa haumfai. Huyo hana shida ya kasi wala ya lugha. Kuna dhana haijakaa. Inabidi arudishwe kwenye kani na mwendo wa madarasa ya chini, kwa vitu vinavyoshikika, gari la mbao, kamba na mawe ya mizani, bila saa mezani.

Ile karatasi ya jaribio la shaba ilichapwa upya mwaka uliofuata. Kwenye nafasi ya nyuzi 100 sasa pameachwa wazi, na chini yake imeandikwa: pima.